ORB-SLAM3 chini ya maji: penye mawe sawa, penye mchanga shida

GPS haipenyi majini, na kifaa cha sauti cha kupimia mwendo juu ya sakafu ya bahari kinaweza kugharimu kuliko chombo kidogo kinachokibeba. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa roboti za kuzamia zinazojiendesha huanza na kamera pamoja na ORB-SLAM3, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, inayotumia picha kuchora ramani na kujua kamera iko wapi ndani yake. Juu ya mawe na matumbawe, maji yakiwa maangavu, inafanya kazi vizuri. Juu ya mchanga mtupu au nyasi za bahari zinazoyumba, usiitegemee.

Kuijenga kwenye Linux kuna usumbufu kidogo. Toleo la 1.0 la Desemba 2021 linatumia kiwango cha C++11 cha lugha ya C++, ilhali Pangolin mpya, maktaba inayoonyesha ramani kwenye skrini, inataka C++14 au zaidi. Badilisha kiwango hicho kwenye CMakeLists.txt, faili la maelekezo ya ujenzi, kabla jioni haijaishia hapo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kioo kilicho mbele ya kamera, wala si programu. Nyuma ya kioo bapa, lenzi ya digrii 90 huona takribani digrii 64 tu majini, kwa kuwa mwanga hupinda. Kamera mbili zikipimwa nchi kavu kisha zikazamishwa, mwamba ulio mita 4 utasomeka mita 3, na ramani itapotoka. Pima lenzi ndani ya maji: ubao wa miraba juu ya bamba gumu la alumini (karatasi iliyolaminishwa hujikunja), picha 40 hadi 60, ubao ukifika mpaka pembe za picha. Kosa la wastani likizidi nusu pikseli, rudia. Kioo cha kuba huokoa upana wa picha, ila lenzi lazima ikae kwenye kitovu cha kuba.

Taa zisibanane na kamera. Zisogeze mbali kadiri fremu inavyoruhusu, la sivyo chembe zinazoelea zitang'aa na programu itazidhania alama za ramani. Maji yakiwa na ukungu, shusha vizingiti vya kutambua alama kwenye faili la mipangilio: iniThFAST kutoka 20 hadi 12 na minThFAST kutoka 7 hadi 4. Alama zitaongezeka, na takataka pia.

Kamera moja haijui ukubwa wa vitu. Unaweza kuongeza kihisi mwendo, lakini hicho huhitaji mtikisiko ili kianze vizuri, na roboti hizi huenda kama kasa. Ianzishe kwa kupanda, kushuka na kugeuka. Kihisi cha presha, chombo rahisi kinachojua kina kwa usahihi, programu haikipokei kabisa! Kwa watu wa baharini huo ni upungufu mkubwa. Fanya hesabu nje: presha ikisema umeshuka mita 1 na ramani ikasema 0.5, zidisha ramani kwa 2. Ukienda usawa tu, hesabu hiyo huna.

Programu ikipotea, huanzisha ramani mpya na kuziunga ikirudi ilikopita, kwa hiyo panga njia inayojikata yenyewe. Kabla ya kutosa chombo, ijaribu kwa AQUALOC: rekodi 17 za kamera, mwendo na presha, nyingine kutoka kina cha mita 380.