Solenoidi ya gia: mashine au mita?

Gari la oto likigoma kubadili gia, mafundi wengi wa Ngamiani, Tanga, huchomeka mashine ya kusoma hitilafu kwanza. Ni haraka, na msimbo wa hitilafu P0753 unakuelekeza kwenye umeme wa solenoidi A, mojawapo ya vali za umeme zinazobadili gia. Lakini hausemi kama kilichokufa ni koili (waya uliozungushwa ndani ya solenoidi), waya au soketi. Hapo ndipo mtu huuziwa giaboksi nzima pasipo sababu, na inaniuma.

Mita ya umeme inachelewesha, ila naiamini zaidi. Chomoa soketi, pima ukinzani wa koili: solenoidi nyingi za Toyota za kuwaka na kuzima husoma omu 11 hadi 15 zikiwa baridi. Ikisoma sawa, fuata waya hadi kontroli boksi (kompyuta inayoongoza giaboksi), ukikagua kutu kwenye pini. Chumvi ya bahari hapa Tanga haina huruma. Kisha pima koili tena giaboksi ikiwa moto, maana koili nyingine hukata joto likipanda.