Siku Moja Hifadhi ya Taifa Arusha: Mbega, Twiga na Mlima Meru

Kampuni iliyotupeleka ilituchukua hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uamuzi huo wa kuwahi ndio uliotupatia Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ukiwa wazi kabla mawingu hayajaufunika. Katika msitu wa kuelekea Kreta ya Ngurdoto, mwongozaji wetu alizima injini bila kuombwa, akatuacha tulitazame kwa utulivu kundi la mbega weupe kwa weusi likiruka kutoka tawi hadi tawi, mikia yao mirefu ikining'inia kama mashada ya pamba.

Kilichonivutia zaidi ni matembezi ya miguu tukiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kuwa kumwona twiga ukiwa umesimama ardhini ni jambo tofauti kabisa na kumwona kupitia dirisha la gari. Askari alitueleza kwa nini tuwapitie nyati kwa mbali, nasi tulitii bila ubishi. Anayetafuta simba asije huku.

Dosari ilikuwa kwenye Maziwa ya Momella, ambako heroe walikuwa wengi lakini tulipewa dakika kumi tu, eti chakula cha mchana kilikuwa kinasubiri. Chakula chenyewe kilikuwa kuku baridi na ndizi moja. Hata hivyo, kwa ajili ya mwongozaji yule, ningelipa tena.