Chuo kimefungwa, unarudi mkoani: ukate tiketi ipi ukitokea Dar?

Bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya gharama ya safari. Ongeza bodaboda ya alfajiri kwenda stendi ya mabasi ya Mbezi, pesa ya begi, chakula cha njiani, na gesti ukifika usiku usio na usafiri. Tiketi zifuatazo tumezipanga kwa kuangalia jumla hiyo pamoja na muda wa njiani, tukianza na inayofaa zaidi.

1. SGR (treni ya umeme), daraja la kawaida

Kama unakwenda Morogoro au Dodoma, hii ndiyo ya kwanza, na kwa mbali. Treni ilipoanza mwaka 2024 nauli ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, basi la kawaida hutoza shilingi 48.47 kwa kilomita na la daraja la kati 67.84. Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara, kwa hiyo basi la kawaida ni karibu 22,000 na la kati linagusa 30,500. Yaani kwa bei ya basi la kati unafika Dodoma kwa saa nne hivi, na foleni ya Kibaha inabaki kwa wenzako.

Kata tiketi mtandaoni na ulipie kwa simu palepale, maana siku vyuo vinapofunga viti huisha mapema. Safiri na kitambulisho ulichokatia tiketi. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na foleni yake ndiyo inayowaachisha watu treni, kwa hiyo fika angalau saa moja na nusu kabla. Ukishukia Morogoro, stesheni iko nje ya mji. Weka nauli ya daladala au bodaboda ya kukuingiza mjini.

Anayekwenda Iringa au Mbeya asidanganyike kupanda treni hadi Morogoro akitegemea basi la Msamvu, stendi ya pale. Mengi hufika pale yamejaa tangu Dar, na msimu wa likizo utasimama hapo hadi jioni. Wa Singida au Mwanza anaweza kuunganisha Dodoma, lakini kiti cha basi la kutokea stendi ya Nanenane awe amekishika kabla hajaondoka Dar.

2. Basi la moja kwa moja kutoka Mbezi

Kwa Mbeya, Moshi, Arusha na Songea, basi bado halina mpinzani. Zidisha kilomita za njia yako kwa viwango vya hapo juu: Mbeya, takriban kilomita 830, inakuja kama 40,000 kwa la kawaida na 56,000 kwa la kati. Ukitajiwa zaidi, muulize karani hilo ni daraja gani, kisha hesabu viti. Mstari wenye viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili ni wa basi la kawaida, hata kama kuna televisheni na pazia. La kati ni viwili kwa viwili.

Tiketi iandikwe kiasi ulicholipa, si pungufu. Huu ndio mchezo wa wapiga debe: unatoa 50,000, karatasi inasoma 40,000. Basi likiharibika Mikumi, utarudishiwa kwa hesabu ya karatasi. Mpite mpiga debe, nenda ofisini au kata kwa simu. Bei ya begi iulize kabla ya kulipia kiti, kwa sababu begi likishaingia buti huna nguvu ya kujadiliana.

Kiti: epuka mstari wa mwisho, ambao mara nyingi viti vyake havilali nyuma na utarushwa kila tuta, pia kilicho juu ya tairi. Njia ya Moshi kaa kulia. Jua la mchana hupiga kushoto, na milima ya Usambara na Upare iko upande wako.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Anayekaa Kigamboni au Mbagala basi la jioni humwokolea pesa ya bodaboda ya saa kumi alfajiri. Hesabu tu lifike kumekucha. Beba chapati, mayai ya kuchemsha na maji, kwa sababu hoteli za njiani bei zake ni za mtu asiye na pa kwenda.

3. TAZARA (treni ya kwenda Zambia) na treni ya zamani ya reli ya kati

Zina faida kwa mwenye mzigo mwingi na siku za kupoteza, na kwa wa Mlimba, ambako reli ni rahisi kuliko barabara. Uliza stesheni kama kuna safari wiki hiyo. Zikichelewa, huchelewa kwa saa nyingi.

4. Ndege

Labda Mwanza au Bukoba, ukikata wiki kadhaa kabla na ukiwa na begi moja.

Usinunue kabisa: gari za IT

Hizi ni gari ndogo zinazopelekwa Zambia au Kongo, na madereva huokota abiria njiani kwa bei ya kuvutia. Haziruhusiwi kubeba abiria. Hupewi tiketi, na ikitokea ajali huna karatasi ya kudai fidia. Nyingi hukimbia usiku kucha na dereva mmoja. Tofauti ya bei na basi la kawaida ni ndogo. Kama pesa haitoshi, ahirisha siku mbili uongezee, kisha panda basi.