Bastola ya kwanza ya mashindano: ipi ununue, ipi uache dukani

Kila baada ya mashindano ya IDPA, mchezo wa kupiga shabaha kwa bastola, pale Kirigiti, Kiambu, hakosekani mtu wa kunivuta kando. Kibali anacho, hela anazo, na swali ni lile lile: kaka, ninunue bastola gani? Nami humrudishia swali: unataka kupiga shabaha ya namna gani? Hapo wengi hunyamaza. Walikuwa wameshachagua bastola kabla ya kuchagua mchezo.

Tuelewane kwanza ni bastola zipi ninazosema. Risasi ndogo ya .22 ambayo wengi hujifunzia, fataki yake (kile kinachowasha baruti kikigongwa) imezunguka ukingo wa kitako cha ganda. Za hapa ni zile ambazo fataki imekaa katikati ya kitako kama kitovu, na pini hugonga hapo hapo. Ganda la namna hii huhimili nguvu kubwa zaidi, nalo likiokotwa zima laweza kujazwa upya pale sheria inaporuhusu. Kama hujawahi kupiga .22 chini ya mkufunzi, anza nayo. Haina teke la kukuficha makosa yako.

Na kabla ya yote, kibali. Kenya ni Sheria ya Silaha, sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usiweke hata arbuni kwa silaha ambayo hujaruhusiwa kuimiliki. Huku kwetu wengi hupewa kibali kwa ajili ya ulinzi, kwa hiyo bastola moja inabidi ifanye kazi mbili: ikae kiunoni siku sita, ya saba ipelekwe uwanjani. Anayeishi Texas hana shida hiyo, ananunua moja ya kila kazi. Orodha yangu imepangwa kwa kumfikiria huyu wa kazi mbili.

Michezo yenyewe ni hivi. IDPA ilianzishwa Marekani mwaka 1996 kwa watu wanaobeba bastola za kawaida: unachomoa chini ya koti, unapiga ukiwa umejikinga nyuma ya kizuizi, unasonga mbele. IPSC ni kaka yake mkubwa, ilizaliwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, na ndani yake kuna mbio, risasi nyingi na vifaa vya bei mbaya. Halafu kuna shabaha ya kusimama, ya mkono mmoja, ile ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ya mita 25, na ile ya Wamarekani ya yadi 50 na 25. Hao ni watu wa utulivu. Wakikuona unakimbia na bastola watakufukuza.

Kuhusu ukubwa wa risasi sina maneno mengi: 9 mm. Ndiyo inayopatikana, ndiyo ya bei nafuu kati ya zile kubwa, na teke lake mtu yeyote mwenye mikono miwili analimudu. Sheria za IPSC zinataka risasi iwe na nguvu ya kutosha, na hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha gawanya kwa 1,000. Lazima upate angalau 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kwa sekunde kinakupa 130.2, umepita. Ukitaka alama za daraja la juu, mara nyingi lazima ufike 170, na huko ndiko watu huingilia .40 na .45. Faida yake? Risasi ikitua nje kidogo ya eneo la katikati, wewe mwenye nguvu kubwa unapata alama 4 na mwenye 9 mm anapata 3. Ikitua katikati, nyote mnapata 5. Mgeni anayehangaika kupata hiyo alama moja ya pembeni angefaa kwanza ajifunze kupiga katikati.

Sasa bastola zenyewe.

Namba moja kwangu ni CZ 75 SP-01. Mkenya yeyote aliyewahi kusoma habari za polisi gazetini analijua jina Ceska, hata kama hajui kwamba ni la Wacheki na ndilo hilo CZ. Ndugu wawili, Josef na František Koucký, walibuni CZ 75 ya asili miaka ya sabini, na kitu walichofanya tofauti ni kuifanya slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga) itembee ndani ya fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Ndiyo maana slaidi ni nyembamba na imekaa chini karibu na mkono. SP-01 ni ya chuma, uzito wake unakaribia kilo 1.2, na uzito huo ndio unaoununua: risasi ikitoka, saiti ya mbele (alama ya kulengea) inanyanyuka kidogo na kurudi mahali pake kabla hujamaliza kupumua. Mpini wake unaingia kiganjani kama mpini wa jembe lililotumika miaka kumi.

Ina kasoro moja ambayo lazima niiseme wazi. Mashindano mengi yanataka uanze nyundo ikiwa imeshushwa. SP-01 ya kawaida haina kitufe cha kuishusha, kwa hiyo unashikilia nyundo kwa kidole gumba, unavuta triga, na kuiteremsha polepole juu ya risasi iliyo tayari ndani. Kidole kikiteleza, bastola inalia, na siku yako imekwisha hapo hapo, unafunga virago. Nimeona kidole chenye jasho kikimfanyia hivyo mtu mzima aliyezoea. Mgeni na atafute SP-01 Tactical, yenye kitufe cha kushushia nyundo. Pia zoea kwamba triga ya risasi ya kwanza ni ndefu na nzito, na zinazofuata ni fupi na laini. Mwezi wa kwanza, risasi ya kwanza itakwenda unakojua wewe na Mungu.

Ya pili ni Glock 17. Haina urembo, na mashabiki wake ni kama washabiki wa Land Cruiser: hawaisifu kwa uzuri, wanasema tu haijawahi kuwaacha njiani. Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Fremu ni ya plastiki ngumu, tupu bila magazini (kisanduku cha risasi) ina gramu kama 630, inabeba risasi 17, na triga ni ile ile kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hili la mwisho ni zawadi kwa mwanafunzi. Vipuri vipo, mafundi wanaijua, na anayeibeba kila siku hatalalamika mgongo.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu ni nyepesi na triga yake ina kilo mbili na nusu hivi, na vitu hivyo viwili vikikutana na mkono mchanga, karatasi inaeleza yote. Mpe mtu anayetumia mkono wa kulia Glock mpya na risasi kumi, shabaha ikiwa mita 10. Matundu yatajikusanya chini kushoto, yamekaribiana kama kuku waliokimbia mvua. Atasema saiti imepinda. Saiti haijapinda, anavuta triga kwa woga, na mkono wote unainama pamoja na kidole. Kuna Glock 34 yenye mtutu mrefu zaidi, nzuri uwanjani, lakini chini ya koti utaisikia.

Canik ndiyo ya tatu, na ningekuwa na umri wa miaka 25 na mshahara wa kwanza ningeipandisha juu. Inatengenezwa Samsun, Uturuki, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, na zile TP9SFx na METE SFx zimeundwa kwa uwanja tangu mwanzo: mtutu mrefu, nafasi ya kufungia saiti ya nukta nyekundu, na triga ambayo wenye Glock hutumia pesa nyingi kwa fundi kujaribu kuifikia. Bei yake kwa kawaida ni chini ya Glock. Kinachoishusha ni vipuri. Springi ikichoka huku kwetu, utasubiri.

CZ Shadow 2 ndiyo bora kuliko zote nilizotaja, na bado ninaiweka ya nne. Ina kilo 1.33, triga yake ni kama kuvunja kijiti cha kioo, na ukienda kwenye mashindano ya IPSC daraja la Production, la bastola za kiwandani, utaiona kwenye kila kiuno cha tatu. Mpinzani wake ni Tanfoglio Stock II ya Italia. Mfaransa Eric Grauffel, bingwa wa dunia mara nyingi, amepiga na Tanfoglio kisha akahamia CZ. Lakini kwa Marekani bei ya Shadow 2 ni mara mbili ya Glock na zaidi, huwezi kuibeba siku nzima bila suruali kushuka, na uzito wake umewahi kuiweka nje ya kikomo cha IDPA. Fungua kitabu cha sheria cha mwaka huu kabla hujalipa. Anayejua kwa hakika kwamba IPSC ndiyo nyumba yake, na kibali chake kinamruhusu silaha ya michezo, aruke zile tatu za juu aje hapa moja kwa moja.

Mwisho kabisa, 1911 ya .45. Najua nitachukiwa. Ni kazi ya John Browning, jeshi la Marekani liliibeba tangu mwaka 1911 hadi miaka ya themanini, na triga yake inarudi nyuma moja kwa moja bila kupinda, tamu mno. Mimi mwenyewe niliinunua ya kwanza kwa sababu ya filamu. Magazini inaingia risasi saba au nane, na risasi zenyewe nilizitafuta kama maji ya kiangazi. Muuzaji aliniahidi boksi kumi kila mwezi. Nilipata mawili kwa miezi mitatu, na muda wote huo bastola ilikaa kwenye sefu ikipakwa mafuta. Mahali pake pa haki ni mchezo wa Wamarekani wa alama 2700, ambako .45 moja iliyotengenezwa vizuri inakupigia raundi mbili kati ya tatu: ile ya risasi yoyote ya fataki ya katikati, na ile ya .45 yenyewe.

Wapenzi wa ISSF ya fataki ya katikati orodha hii haiwahusu hata kidogo. Wao wanatafuta Pardini HP au Walther GSP ya .32, yenye risasi ya kichwa bapa inayotoboa karatasi tundu safi kama la mashine ya ofisini. Risasi 60: 30 za taratibu, tano tano kwa dakika tano, kisha 30 ambazo shabaha inajionyesha sekunde 3 tu na kujificha sekunde 7. Triga isipungue gramu 1,000. Ni bastola za mchezo huo tu. Hakuna mtu atakayekuelewa ukiingia nazo IDPA.

Ukifika dukani, usianze na bei. Hakikisha bastola ni tupu, uangalie mwenyewe kwa macho na kwa kidole, hata kama muuzaji ameshaangalia. Shika mpini ili mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako, kisha peleka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ndiyo inatakiwa kugusa. Ikifika kwenye kiungo, bastola ni ndogo kwako. Ikibidi uzungushe kiganja ndipo ufike, ni kubwa. Halafu omba ruhusa, elekeza mahali salama, weka sarafu ya shilingi kumi juu ya slaidi nyuma ya saiti ya mbele, na uvute triga. Sarafu ikianguka mara tano kwa tano, jaribu nyingine kabla ya kujilaumu.

Iliyotumika, mulika mtutu kwa tochi, tikisa slaidi usikie inavyocheza, na uulize springi ilibadilishwa lini. Jibu likiwa "springi gani?", rudisha.

Na tenga hela ya magazini. Boksi huwa na mbili au tatu. Kituo kirefu cha IPSC kinaweza kudai hadi risasi 32, na ukiweka 15 katika kila magazini, tatu zinakutosha tu kama hakuna inayokwama. Nunua ziwe tano, uziandike namba chini kwa rangi nyeupe ya kucha. Siku moja bastola itaanza kukwama, na utataka kujua kama ni bastola nzima au ni magazini namba nne.