Shades of Deep Purple: albamu ya kwanza, kila wimbo na njia yake

Jamani nyie mnaoijua Deep Purple, ile bendi ya roki ya Uingereza, kwa wimbo wa Smoke on the Water tu, rudini nyuma mpaka 1968 mkasikilize walivyoanza. Mi nimekaa na hii Shades of Deep Purple wiki nzima, asubuhi kwenye daladala, usiku kabla ya kulala, na mpaka sasa mtu akiniuliza ni albamu ya muziki gani hasa namjibu inategemea umefika wimbo wa ngapi.

Kwanza mjue waliirekodi fasta, siku 3 tu mwezi wa 5 pale studio za Pye London, na bendi yenyewe ilikuwa ndo kwanza imekusanyika mwaka huohuo. Ian Gillan, mwimbaji wao maarufu wa baadaye, hayupo bado, anayeimba ni Rod Evans, sauti nzito ya kubembeleza, besi yupo Nick Simper, halafu ndo wale tunaowajua, Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord ogani, Ian Paice drams. Nyimbo ziko 8 na nusu yake ni za kukopi, na kwangu hapo ndo balaa linapoanzia. Walikuwa wanaihusudu sana Vanilla Fudge ya Marekani, wale waliokuwa wanachukua wimbo wa watu wanaupunguza mwendo na kuurefusha, basi na wao wakaikamata Help! ya Beatles wakaivuta mpaka dakika 6, imekuwa nzito, imepoa, ile haraka ya mtu anayehitaji msaada imepotea yote. Hey Joe imezidi, dakika 7 na ushee, inaanza na mdundo wa kibolero wa Kihispania unaokwenda tu, unamsubiri mwimbaji aingie, haingii, mpaka unaangalia simu kama ndo wimbo wenyewe. Na kabla ya I'm So Glad wamechomeka kipande cha Rimsky-Korsakov, mtunzi wa Kirusi wa muziki wa klasiki, kitamu kweli kikiwa peke yake, ila hakina undugu na kinachofuata. Saikedeliki, ile roki ya majaribio yenye sauti za kama ndoto, miaka ile ilikuwa inaruhusu kila kitu na hawa jamaa waliitumia ruhusa yote.

Ila Hush! Ule mlio wa mbwa mwitu mwanzoni, Paice anaingia, kiitikio unakidaka mara ya kwanza tu, halafu Lord anaachiwa nafasi na ile ogani inakwaruza, inapanda, inarudi, mi huo mpigo naurudisha hata mara 4. Wimbo ni wa Joe South na Billy Joe Royal alishauimba 1967, lakini hawa wameuchukua ukawa wao. Marekani ulifika namba 4 kwenye chati na albamu ikafika 24, kwao Uingereza ilitoka mwezi wa 9 na wala haikugusa chati. Watu huwa wanaona ajabu, mi naona pande zote mbili zilisikia sawa, mwenye Hush redioni alisikia watu watano wanavuta kamba moja, ukikaa na albamu nzima unasikia kila mtu na kamba yake.

Nyota 3 kati ya 5 naipa albamu hii, na sio za huruma. Kuna And the Address, haina maneno kabisa na ndo inafungua albamu. Na kuna Mandrake Root, mwanzo unanuka Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa, waziwazi, lakini Evans akishanyamaza Lord na Blackmore wanaanza kukimbizana na Paice nyuma yao hapumziki, hapo ndo unaisikia ile bendi iliyokuja kutoa albamu ya In Rock 1970, wakati huo Evans na Simper wameshaondolewa. Jukwaani waliendelea kuupiga miaka kadhaa, wanaurefusha mpaka basi. Tafuteni hedifoni za maana kabla hamjauweka, spika ya simu inaimeza ogani yote.