Pikapu iliyotumika: ipi ununue mafuta yakipanda, ipi yakishuka

Mafuta yakipanda, wenye pikapu kubwa huanza kuwapigia simu madalali, na kila anayetafuta gari anauliza swali moja: inakula lita ngapi? Hapo ndipo bei ya pikapu iliyotumika inaposogea kuliko inavyostahili. Gari ni lile lile la mwezi uliopita, ila hofu ya watu kwenye pampu imeshaingia kwenye bei yake. Mnunuzi mwenye hesabu hutafuta nafuu yake hapo.

Tazama mwaka 2008. Mwezi Julai pipa la mafuta ghafi lilipita dola 147. Nchini Marekani, ambako pikapu za Ford F-Series zilizoea kuongoza mauzo, Honda Civic ilikuwa imeshazipita mwezi Mei. Waliopeleka V8 zao, pikapu kubwa za injini ya silinda nane, yadi kubadilisha gari walipewa bei za kuvunja moyo. Desemba pipa likawa chini ya dola 40. Aliyenunua V8 katikati ya ile hofu, naye si mtu wa safari ndefu, alijikuta na gari la bei ya chini na mafuta ya bei ya chini. Kuiuza upesi kwa faida lilikuwa jambo jingine, maana uchumi wenyewe ulikuwa umelala.

Ila mafuta hayaamui peke yake. Juni 2022 wastani wa bei ya petroli Marekani ulipita dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza, na bado pikapu zilizotumika ziliuzwa ghali. Viwanda vilikuwa vimekosa chipu za kutosha za kompyuta za magari, magari mapya yakawa haba, na mkandarasi mwenye kazi ya kesho alichukua lililokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, angalia foleni ya wanaosubiri magari mapya. Magari hayo yakiwa haba, mwuzaji wa lililotumika hashuki hata mafuta yapande vipi. Na kampuni kubwa zinapouza kwa mkupuo magari yao ya kazi, yale meupe ya kabini moja yaliyofanana kama mapacha, bei ya aina hiyo hulegea hata kama mafuta yametulia.

Kabla ya orodha, fanya hesabu moja: geuza tofauti ya bei iwe lita. Chukulia pikapu ya dizeli inakula lita 8.5 kwa kilomita 100, ya petroli ya tani moja lita 12, na V8 kubwa lita 15. Ukiendesha kilomita 10,000 kwa mwaka, petroli inakugharimu lita 350 zaidi ya dizeli, na V8 lita 650 zaidi. Kwa miaka mitatu ni lita 1,050 na lita 1,950. Zidisha kwa bei unayolipa kwenye pampu, kisha linganisha na punguzo unalopewa. Mwenye kilomita 40,000 kwa mwaka azidishe mara nne, na hapo V8 inajiondoa yenyewe. Nashangaa watu wanaobishana bei kwa wiki nzima bila kuandika hesabu hii ya dakika tano.

1. Dizeli ya tani moja yenye jina la pili: Isuzu D-Max, Mazda BT-50

Hii ndiyo naiweka juu, mafuta yawe juu au chini. Hilux ikipanda kwa jina lake, hizi hubaki nyuma kidogo ilhali kazi ni ile ile. BT-50 ndiyo inayonifurahisha zaidi: kwa miaka mingi ilikuwa ndugu wa Ford Ranger chini ya bodi, na tangu 2020 imejengwa juu ya D-Max. Jina limechelewa kufika sokoni, vyuma vimeshafika.

Kwenye D-Max tafuta ile injini ya lita 3.0 iitwayo 4JJ1. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na uombe isiwashwe kabla hujafika. Mwuzaji akishaipasha moto amekuficha nusu ya habari. Iwashe ukiwa umesimama upande wa ekzosi. Moshi mweupe unaong'ang'ania, na injini inayogonga kisha ikatulia, ni dalili ya nozeli zilizochoka, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, na nozeli za dizeli za kisasa zinaweza kula punguzo lote ulilopigania. Kwa BT-50 au Ranger ya silinda tano, lita 3.2, uliza nani alikuwa akibadilisha oili. Oili ya injini ile ikimwagwa na kuachwa muda mrefu bila kujazwa, pampu yake inaweza kushindwa kuvuta tena, na injini ikawashwa kavu.

2. Toyota Hilux ya dizeli

Wengi wangeiweka ya kwanza. Ni gari zuri, lakini mafuta yakipanda kila mtu anakimbilia huko, na wewe unalipia mbio za wenzako. Inunue mafuta yakiwa chini, watu wakiwa wamerudi kutamani injini kubwa. Faida yake iko siku ya kuuza: hulali nayo. Kwa za kuanzia 2015 zenye injini ya lita 2.8, kagua kama ina filta ya masizi kwenye ekzosi na iliendeshwa wapi. Iliyoishi kwenye safari fupi za mjini huziba filta hiyo, kwa sababu haipati mwendo mrefu wa kuchoma masizi.

3. Petroli ya tani moja

Watu huidharau, na dharau hiyo inapunguza bei. Kwa mwenye kilomita chache, mara nyingi hesabu ya lita inaiangukia hii: haina turbo ya kuharibika, na vipuri vyake vya mfumo wa mafuta ni rahisi kuliko vya dizeli. Usisahau pia kwamba dizeli si lazima iwe nafuu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, dizeli ilipita petroli kwa bei katika nchi nyingi, na faida ya kula kidogo ikapungua. Hilux ya lita 2.7 ndiyo mfano ninaoujua kwa uvumilivu. Kupanda mlima na mzigo hutaipenda.

4. Pikapu kubwa ya V8

Ni ya kununua wakati wa kilio tu, tena ukiwa na kazi ya kuvuta trela zito. Mafuta yakiwa chini, mwenye nayo anajua thamani yake na atakukamua. Mafuta yakiwa yamepanda kwa miezi kadhaa, mtafute yule ambaye tangazo lake limekaa muda mrefu. Bei za magari huchelewa kufuata pampu: wauzaji hung'ang'ania bei ya zamani wiki kadhaa, kisha wanavunjika wote kwa pamoja. Mwenye yadi huvunjika mapema zaidi, kwa kuwa gari lililosimama linamla hela kila mwezi.

5. Ile ya bei ya ajabu yenye chesisi ya mashaka

Nissan Navara ya kizazi cha D40 ni gari tamu kuendesha, lakini Uingereza baadhi zilikatika chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kwa kutu. Pikapu yoyote iliyoishi kwenye chumvi ya baharini au ya barabara za theluji inaweza kufika huko. Ingia chini na tochi na bisibisi. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya kabini hadi zinaposhikwa springi za nyuma. Sauti iwe kali. Sauti ikififia, au bisibisi ikizama, au ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa juu ya magamba ya kutu, shukuru kwa muda wa mwenye gari na uondoke, hata kama mafuta yameshuka leo asubuhi.