Ubao mweupe wa kutengenezesha: uso upi ununue, na utautunzaje

Ubao mweupe ukianza kubaki na kivuli cha maandishi ya juzi, watu wengi hulaumu maka peni. Mara nyingi tatizo ni uso wa ubao. Wino wa maka peni za ubao mweupe umetiwa kitu kinachouzuia kushika: kimiminika chake kikikauka, rangi hubaki juu kama utando mwembamba unaotoka kwa kitambaa kikavu. Lakini hilo hufanyika pale tu uso unapokuwa laini usio na vitundu. Ukiwa na vitundu au mikwaruzo, wino huzama humo. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, punguza kwenye fremu, punguza hata ukubwa wa ubao, lakini uso usiupunguze.

Namwandikia anayetaka ubao wa vipimo vyake mwenyewe: senta ya tuisheni, madrasa, wodi inayohitaji jedwali la vitanda, duka la jumla linalobadilisha bei kila asubuhi. Nimepanga kuanzia ninachokiamini zaidi, nikizingatia pia miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako unyevu na chumvi haviachi kitu salama.

1. Kioo

Hiki ndicho chaguo langu la kwanza, na fundi wa kukitengeneza yuko karibu kila mtaa: fundi aluminiamu na vioo. Kioo hakinywi wino, hakishiki kutu, hakivimbi. Hata mtu akikosea akaandika kwa maka peni ya kudumu, spiriti kidogo huimaliza.

Agiza unene wa milimita 5 au 6. Kama watoto watakuwa karibu nacho, lipia kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika humeguka vipande vidogo badala ya mapande makali. Ila kumbuka kioo cha aina hiyo hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kuimarishwa. Vipimo na matundu ya skrubu viamuliwe kabla, na kingo zisagwe kabla. Ukigundua baadaye kwamba tundu limekosewa, kioo hicho ndiyo basi tena.

Uzito nao si wa kupuuza. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 hivi kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ubao wa mita 1.2 kwa 2.4 unapita kilo 40. Ukuta wa tofali utaubeba ukifungwa kwa skrubu na plagi nzuri; kizigeu cha jipsamu hakitauweza bila kuimarishwa kwa nyuma.

Weupe hutoka nyuma ya kioo, kwa rangi au kwa stika nyeupe. Ukitaka jedwali la kudumu, mistari na vichwa vya safu visivyofutika, hapa ndipo kioo kinapozishinda nyuso zote nyingine. Mtu wa machapisho akuchapie jedwali kinyumenyume kwenye stika angavu, ibandikwe nyuma ya kioo, kisha stika nyeupe ifuate juu yake. Ukisimama mbele unasoma sawasawa, na dasta haigusi ule mstari hata siku moja. Watu wengi huchapa kwenye stika nyeupe moja kwa moja, halafu wanashangaa jedwali limejificha.

Kama utakibandika kwa silikoni, nusa kwanza. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na inaweza kuharibu rangi au chuma kilicho nyuma. Omba isiyo na asidi.

Kasoro zake ni mbili. Kinang'aa, kwa hiyo usikitundike kikitazamana na dirisha. Na sumaku za kawaida hazishiki hapo: utahitaji bati la chuma nyuma na zile sumaku ndogo zenye nguvu nyingi.

2. Chuma cha enameli

Hiki ni chuma kilichopakwa unga wa kioo na kuchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 800, hadi ukawa kitu kimoja na chuma. Kwa darasa linaloandikwa kutwa nzima, sijui uso unaouzidi kwa uimara. Kimeshika nafasi ya pili kwa sababu moja tu: hakikubali vipimo vyako. Ukipitisha grainda, enameli humeguka kando ya mkato na kutu huanzia hapo, na kwenye hewa ya bahari haichelewi. Kinunue kikiwa kimetengenezwa tayari.

Uwe makini dukani. Mbao nyingi zinazouzwa kama za sumaku ni chuma kilichopakwa rangi ya kawaida, na sumaku hushika kote kuwili. Uliza kama ni enameli, na uitake hiyo dhamana kwa maandishi. Chuma cha rangi kinafaa ofisi inayoandika mara chache kwa wiki, si zaidi.

3. Fomaika nyeupe ya kung'aa

Kwa mwenye bajeti ya kati, mwambie seremala achukue shiti la futi 4 kwa 8 na kuligundisha kwenye plaiwudi. Pwani epuka MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), maana unyevu ukiingia kwenye kingo inavimba na uso unainuka. Na gundisha fomaika nyingine, hata ya bei ya chini, upande wa nyuma. Ubao uliofunikwa upande mmoja tu hupinda. Si kila fomaika inafaa: isiyong'aa au yenye vinyweleo itakunywa wino.

4. Stika maalumu na rangi ya ukutani

Stika ya kuandikia ni nzuri kwa kufufua ubao uliochoka. Iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Stika ya kawaida ya matangazo itaanza kubaki na madoa. Rangi ya kuandikia inahitaji ukuta uliopigwa puti na msasa hadi uwe laini kabisa, na baada ya kupaka, subira. Nyingi hutaka takribani wiki moja kabla ya kuandikiwa, na anayeandika mapema anaweza kuacha doa la kudumu.

Za mwisho

Hadibodi ya melamini, yaani iliyofunikwa utando mwembamba wa plastiki, ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu ni ya bei rahisi. Inatosha kwa mtoto nyumbani. Darasani itachoka mapema. Akriliki, ile plastiki inayofanana na kioo, siipendekezi kabisa. Inakwaruzika kwa dasta yenye vumbi, na spiriti unayoisafishia inaweza kuitia nyufa nyembamba.

Jaribu kabla ya kulipa

Omba kipande cha sampuli. Andika kwa nyeusi, buluu, kijani na nyekundu, kiache hadi kesho yake, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Nyekundu mara nyingi ndiyo hung'ang'ania zaidi, kwa hiyo iangalie hiyo kwanza. Ukiinamisha kipande kwenye mwanga na bado unasoma ulichoandika, usinunue.

Matunzo

Futa kila siku, na mara moja kwa wiki pitisha kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Soma chupa vizuri: baadhi ya spiriti za hospitali zimetiwa mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo huacha utando unaofanya maka peni iteleze bila kuandika. Sabuni ya unga, stilwaya na dawa za kusugulia sufuria zisiguse ubao, kwani kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa wino.

Kwenye fomaika, melamini au chuma cha rangi, maandishi yakigoma, yapitie juu kwa maka peni ya ubao yenye wino mwingi, kisha futa papo hapo kabla haijakauka. Wino mpya hulainisha wa zamani na vyote hutoka pamoja.

Dasta ifuliwe ikianza kuwa nyeusi, la sivyo inasambaza rangi badala ya kuiondoa. Maka peni ziweke zikiwa zimelala. Zikisimama kichwa juu, rangi hutuama chini na utadhani zimekwisha.